Moshi Bila Sufuria

Shangazi alishika maikrofoni akasema kwamba jua halikuwahi kumkuta mama yake kitandani, hata siku moja, na watu waliokuwa chini ya hema wakapiga makofi. Mimi nilikuwa safu ya nyuma kwenye kiti cha plastiki, usiku wa kuamkia mazishi sikuwa nimefumba jicho, na nikapandwa na hasira kiasi kwamba nusura nisimame niondoke. Najua marehemu hasemwi vibaya. Lakini marehemu huyu alikuwa Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, na hilo jua lisilowahi kumkuta yeye, alimmwagia mama yangu usoni kwa mikono yake miwili. Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika pepeo ya kuchochea moto.

Nina ugonjwa ambao daktari aliniambia kwa Kiswahili unaitwa uchovu sugu, na nikimtajia mtu jina hilo kwanza anacheka. "Hata mimi nimechoka, bana," ananiambia, kisha anaanza kunisimulia kazi alizofanya wiki nzima. Huwa namwacha aseme. Wa kwangu si uchovu wa kazi. Usiku nakodolea dari macho, mwili umelegea chini yangu na kichwa kinakimbia peke yake, halafu usingizi unanijia alfajiri, wakati wenzangu wameanza kugonganisha ndoo uani. Nikiulala huo usingizi wa alfajiri, naamka nimechoka kana kwamba sikulala kabisa. Siku nikijilazimisha kufanya kazi kama watu wengine, nailipia kwa kulala chali siku nyingi zinazofuata. Mama yangu alikuwa nao ugonjwa huu kabla haujapata jina nyumbani kwetu. Jina ulilokuwa nalo wakati huo lilikuwa uvivu.

Kwetu ni karibu na Ndalu, ndani ya Tongaren, mahali ambapo shamba la mtu huonekana lote kutoka kwa jirani na mahindi yakikua yanafika mpaka ukutani. Baba alifanya kazi Kitale kwenye ghala la nafaka na alikuja nyumbani Jumamosi. Mama alikuwa wa Saboti, kule juu kwenye baridi, na alipoolewa aliletwa na blanketi zito la sufu, kijani lenye mistari myekundu, alilopewa na mama yake. Blanketi hilo lilikuwa na harufu ya kondoo na ya moshi wa kuni za mlimani. Kwa joto la kwetu halikufaa kujifunika, kwa hiyo lilikaa limekunjwa kwenye kiti na mimi nilikuwa nalilalia mchana nikinusa ile harufu.

Kisha mama akaugua homa. Homa yenyewe ilipona, watu walikuja wakasema Mungu ni mwema, wakanywa chai wakaenda. Lakini mama hakurudi alivyokuwa. Alikuwa mwanamke wa kuimba akiosha vyombo, akaacha kuimba. Alichota maji nusu ndoo akaketi kando ya kisima kana kwamba amebeba gunia. Usiku nilikuwa nikigeuka kitandani namsikia anageuka na yeye, nikilala nikaamka bado anageuka, na nikimuuliza asubuhi ananijibu, "Usingizi umenikataa." Usingizi ulimkubali jua likianza kuchomoza. Ndipo alipolichukua lile blanketi la Saboti akalitundika dirishani kwa misumari miwili, chumba kikawa na giza zuri la kijani, na ndani ya giza hilo akawa anapata usingizi kidogo kabla siku haijamvamia.

Sasa, kwetu mwanamke hapimwi kwa maneno. Anapimwa kwa moshi. Nyumba ya Kukhu ilikuwa upande wa juu wa boma, na kila alfajiri alitoka na fimbo yake, akapiga mswaki wa mti, akasimama akiangalia jikoni za wake za wanawe na za majirani, nani ametoa moshi na nani bado. Aliyechelewa alikuwa habari ya siku hiyo mpaka kisimani. Mama alilijua hilo. Asubuhi moja akaniita kitandani kwake, sauti ikiwa chini kama ya mtu aliye mbali. "Nafula," akaniambia, "washa moto tu. Kukhu yako akiona moshi hatakuja."

Nilikuwa darasa la pili, na nilielewa kwa akili za darasa la pili. Nilielewa kwamba Kukhu anapenda moshi. Wengine wanapenda chai, wengine wanapenda ugoro, Kukhu anapenda kuona moshi asubuhi, na akiuona roho yake inatulia. Basi nikawa mpishi wa moshi. Nilijifunza kwamba kuni kavu ni hasara, zinawaka tu na kuisha. Kitu kizuri ni magunzi, yale yanayobaki mahindi yakishapukuchuliwa, na magunzi yaliyonyeshewa ndiyo bora kabisa, yanatoa moshi mzito mweupe unaopenya kwenye nyasi za paa na kusimama juu ya jikoni kama nguzo. Nilikuwa nikitoka nje, macho yakinitoka machozi, nikimtazama Kukhu kule juu. Alikuwa anaangalia, anatema mate, anageuka. Mama analala. Kisha nakunywa uji wa jana na kwenda shule nikinuka kama samaki wa kukaushwa, na watoto wananicheka, na mimi sijali hata kidogo.

Watu niliowasimulia hadithi hii wanangoja mahali hapa niseme kwamba najuta kumdanganya mzee. Sijuti. Sijafanya kazi nyingine maishani mwangu ambayo najivunia kama ile.

Kilichotuponza ni bidii yangu. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua imenyesha vizuri, magunzi yote yameloa, na mimi nikaona siku hiyo nimpe Kukhu moshi ambao hajawahi kuuona. Niliyajaza magunzi mpaka mafiga yakafichika. Moshi ukatoka mlangoni, ukatoka kwenye paa, ukashuka mpaka kwenye mahindi. Kukhu akadhani jikoni inaungua. Alikuja mbio, mwanamke wa umri ule, leso imefunguka, akiita majina ya watu walete maji, na alipoingia akanikuta nimechuchumaa nikipepea mafiga yasiyo na kitu juu yake.

"Sufuria iko wapi?" akauliza.

Nilifurahi kwamba amekuja kuuona moshi kwa karibu.

"Nakuuliza, hii ni moshi ya nini? Inapikia nani?"

"Ni yako, Kukhu," nikasema.

Akageuka akaelekea nyumba yetu ya kulala. Nilimfuata na pepeo mkononi. Mama alikuwa amelala kwa kujikunja, uso ukutani, na ule ulikuwa usingizi wenyewe, nilijua kwa jinsi alivyokuwa anapumua. Kukhu hakuita. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akalivuta blanketi, misumari ikaruka, na jua lote la mashariki likaanguka kitandani. Mama akajifunika macho kwa viganja vyote viwili na kutoa sauti kama ya mtu aliyechomwa.

"Mama Nafula! Ati unafundisha mtoto kupika moshi? Ndio mimi nifikiri umeamka?"

"Mama, usiku sikulala. Hata kidogo. Naomba unisamehe, sikulala."

"Mtu amechoka analala. Si hivyo? Wewe usiku hulali, basi hujachoka. Na huwezi kuchoka, kwa sababu hufanyi kazi." Alikuwa analikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, anapapasa ile sufu. "Na hii naenda nayo. Nyumba haivai blanketi."

Nimeishi na sentensi ile ya uchovu miaka yote hii. Ukiisikia haraka unaiona ina akili. Mtu aliyechoka hulala, kwa hiyo asiyelala hajachoka, kwa hiyo dawa ni kumchosha. Hakuna mtu pale bomani aliyeikataa. Hata mimi ningeiamini kama nisingekuwa nimemsikia mama akigeuka kitandani usiku wote, na nilikuwa na miaka minane, nani angeniuliza mimi?

Kukhu alilipeleka blanketi kwake akalifungia ndani ya sanduku lake la bati, la buluu, alimoweka sukari na vitu vyote ambavyo hakutaka vishikwe ovyo. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la leso. Sukari ya boma zima ilitoka humo, kijiko kwa kijiko, na ulikuwa unaomba kwa adabu. Basi nikawaza mambo yangu. Tangu blanketi liingie sandukuni mama hakuwa anapata hata ule usingizi wa alfajiri. Kukhu, kwa upande mwingine, alikuwa analala tangu giza linapoingia na kukoroma mpaka ng'ombe wakamzoea. Nikafikia uamuzi kwamba usingizi wa mama umo sandukuni pamoja na sukari. Nikanawa uso, nikaenda nikapiga magoti mbele yake kama ninavyofanya nikiomba sukari.

"Kukhu, naomba usingizi wa mama."

"Unaomba nini?"

"Usingizi wa mama. Uko ndani ya sanduku. Hata kidogo tu."

Akacheka mpaka akakohoa. Akawaita wengine niseme tena. Nikasema tena, wakacheka wote, na Kukhu akanipa kipande cha sukari guru ili nijiendee. Nilikila. Kilikuwa kitamu, na hasira yangu ilianza siku ile, nikiwa bado ninakilamba.

Dawa ya kumchosha ilikuja na kikundi. Wanawake wa kwetu walikuwa wanapalilia kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, kila mmoja anashika laini yake ya mahindi na jembe lake. Kiongozi wao alikuwa Mama Rispa, jirani yetu, mwanamke mwenye kifua kipana na sauti ya kufika barabarani. Na kikundi kile kilikuwa na desturi yake, na desturi yenyewe ilikuwa ya heshima: mwenye shamba anashika laini ya kwanza, na hakuna anayempita. Akienda haraka, mnaenda haraka. Akisimama, wote mnasimama, mnaegemea majembe na kumngoja. Kukhu alikwenda kumwambia Mama Rispa kwamba zamu yetu ije mapema.

Mama alitoka asubuhi ile akiwa amejifunga leso kichwani, uso una rangi ya majivu. Kukhu aliketi kivulini pembeni mwa shamba akichambua maharagwe ya kuchemsha na mahindi kwa nyoyo ya mchana, mimi nikapewa kazi ya kupeleka maji ya kunywa. Laini za kwetu ni ndefu. Mama alianza vizuri, nilifurahi kumwona, jembe likipanda na kushuka. Katikati ya laini ya kwanza akasimama. Na wale wanawake, wote, wakasimama. Hakuna aliyemtukana. Waliegemea majembe tu, wakimtazama, wengine wakifuta jasho ambalo hawakuwa nalo.

"Mama Nafula, si utusongeze," Mama Rispa akasema. "Jua inapanda."

"Nendeni tu mbele," mama akajibu. "Mimi nitawafuata."

"Ati tukupite kwa shamba yako? Hiyo tabia tumeanza lini?"

Wakacheka, si kwa ubaya, walivyokuwa wanacheka siku zote. Mama akalima. Kila aliposimama, shamba zima lilisimama pamoja naye, kimya, mpaka akaona afadhali asisimame. Nilimpelekea maji akanywa bila kunitazama, nusu yakammwagikia kifuani. Alimaliza. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kwenye hadithi za watu wa kwetu hilo huwa halisemwi: mama yangu alimaliza laini zake zote za siku ile, akiwa mbele ya wanawake kumi na kitu wenye afya zao.

"Si mmeona?" Mama Rispa akawaambia wenzake wakila nyoyo. "Ako na nguvu. Ilikuwa tu kukaa-kaa."

"Leo utalala kama mtoto," Kukhu akamwambia mama, na alikuwa anatabasamu. Alifurahi kwa dhati. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, kwamba alifurahi kwa dhati.

Mama hakulala kama mtoto wala kama mtu mzima. Kilichofuata, mpaka leo sipendi kukikumbuka. Hakuweza kushika kitana. Hakuweza kutafuna. Ukizungumza kwa sauti ya kawaida alikunja uso, na mwanga ulikuwa unamuumiza, na dirisha lilikuwa wazi, jua likiingia kila asubuhi hadi kitandani. Nilijaribu kutundika sweta yangu ya shule lakini ilikuwa ndogo. Basi nikawa nasimama mwenyewe dirishani, mgongo kwenye jua, mikono nimeitandaza, na kivuli changu kinamfunika uso. Mikono ikichoka naishusha kidogo, namwona anafumba macho kwa nguvu, naipandisha tena. Nikiwa pale nilikuwa ninamwona Kukhu uani akipita na ufunguo wake.

Baba alikuja Jumamosi na mkate na nyama. Akamtazama mama kutoka mlangoni, akaenda kuketi kwa Kukhu, mimi nikiwa nje ya dirisha lake.

"Huyu mtu wako peleka kwao," Kukhu akamwambia. "Wamtengeneze. Hapa si hospitali, na si hoteli."

Nilingoja. Nilimpenda baba yangu, alikuwa mtu mrefu anayejua kusema na wenye malori, nikajua sasa atasema. Akasema, "Sawa, Mama."

Maneno mawili. Pick-up iliyokuwa inapeleka mahindi Kitale ikakubali kumfikisha mpaka Saboti, wakamlaza nyuma juu ya magunia. Mimi nilikuwa nibaki, kwa sababu ya shule, walisema, na kwa sababu mtoto ni wa boma. Mama akaniita karibu na ukingo wa gari, nikakanyaga tairi nikapanda kumsikia. "Usiwashe moto tena kwa ajili yangu," akanong'ona. "Lala. Ukipata usingizi, ulale." Sikupata. Nilihamishiwa nyumba ya Kukhu na kila alfajiri, kabla jogoo hajamaliza, fimbo ilikuwa inagonga mguu wa kitanda changu. Niliamshwa hivyo mpaka nikamaliza darasa la nane na kumfuata mama Saboti. Baba alikuwa ameshaoa mwanamke mwingine, anayeamka mapema.

Hayo yote yalinipitia nikiwa kwenye kiti cha plastiki, shangazi akiendelea kusifu. Baada ya kaburi kufunikwa na wageni kupungua, wakaingia nyumbani kugawana vitu vya marehemu kama ilivyo desturi, na lile sanduku la buluu likatolewa. Shangazi akalifungua. Kulikuwa na vikombe, leso mpya zilizofungwa kwa gazeti, bakuli la sukari, na chini kabisa kitu kizito kilichowekewa vidonge vya kufukuza nondo. Akakivuta, akakikunjua. Kijani, mistari myekundu. Pembe zilikuwa bado zina matundu mawili ya misumari.

"Woi, blanketi mzuri hivi," shangazi akasema. "Ni mpya kabisa. Hajawahi kuitumia. Ni ya nani hii?"

Baba, ambaye sasa ana mvi, alilitazama, kisha akatazama sakafu. Nikangoja tena, kama nilivyongoja nikiwa nje ya dirisha.

"Ni ya mama yangu," nikasema, nikalichukua. Kukhu hata kujifunika hakujifunika nalo. Angejifunika nalo ningeelewa, ningesema mzee alisikia baridi. Miaka yote ile lilikaa sandukuni limekunjwa, na mtoto alipiga magoti mbele yake akamwambia usingizi uko humu ndani, wakacheka. Na ulikuwa humo.

Siku hizi tunaishi Kitale, mimi na mama, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha posho. Tumejifunza namna zetu. Kazi tunaifanya vipande vipande na tunapumzika kabla hatujachoka, kwa sababu tukingoja kuchoka tumechelewa. Usiku mmoja wetu akikosa usingizi hamwamshi mwenzake. Mchana tunafunga mlango na kulala bila kuomba ruhusa ya mtu. Nilirudi kutoka Ndalu asubuhi baada ya mazishi, sijiwezi, nikaliweka blanketi magotini mwa mama. Mama alilishika, akaliinua mpaka puani. Nilitaka alie, au atukane, ili nitukane pamoja naye.

"Inanuka dawa ya nondo," akasema. "Ile harufu ya kwetu imeenda."

Kisha akaniomba nyundo. Tulilipigilia dirishani tukisaidizana, misumari ikapita kwenye matundu yale yale ya zamani, chumba kikawa kijani. Tukalala kila mtu kitandani kwake. Ilikuwa saa tano asubuhi, kinu kinasaga, watu wanaitana barabarani. Simu ikalia, shangazi, anataka kujua kama nilifika.

"Mbona kimya hivyo huko? Mnafanya nini saa hii?"

Zamani ningetafuta moshi wa kumwonyesha. Ningesema tunafua, tunapika, tumetoka shambani sasa hivi.

"Tumelala, Shangazi," nikamwambia, nikazima simu.